Fizi za Mvutaji: Namna ya Kuziokoa Kabla Jino Halijalegea

"Navuta mwaka wa 15 sasa, na fizi zangu hazijawahi kutoka damu hata siku moja. Iweje niambiwe nina ugonjwa wa fizi?" Swali hili hunifikia kila mara kwa sura tofauti: kutoka kwa mvuta sigara, kutoka kwa kijana wa shisha, kutoka kwa mama anayeweka ugoro mdomoni tangu usichana wake. Nyuma yake huja la pili: "Nimeacha wiki 3 zilizopita, ndiyo kwanza fizi zinavuja damu. Si bora nirudi tu?"

Nimeona niyajibu yote mawili mahali pamoja, kwa hatua za kufuata. Wapo wanaorudia sigara kwa sababu tu wameisoma vibaya damu ya kwenye mswaki. Wapo wanaopoteza meno ya mbele kabla ya miaka 50 wakiamini hadi dakika ya mwisho kwamba fizi zao ni nzima. Inaniuma kwa sababu mengi ya meno hayo yangeokolewa.

Ukivuta, ukitafuna au ukinusa tumbaku, au ukiwa umeacha juzi tu, mwongozo huu ni wako.

Elewa jambo hili moja kwanza

Kila siku utando laini wenye bakteria hujijenga juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Usipouondoa hugeuka ugaga, ule ukoko mgumu wa manjano au mweusi ambao mswaki hauuwezi tena. Kwa mtu asiyevuta, mwili hupeleka damu nyingi penye uchafu huo. Fizi huvimba, na akipiga mswaki anaona damu. Anashtuka, anakwenda kutazamwa.

Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Damu inapungua kwenye fizi, uvimbe hauonekani sana, na ile ishara haiji. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwenye mdomo wa mvutaji mvua hunyesha bila wingu. Ugonjwa unaendelea chini ya ufizi na kuula mfupa unaoshika mizizi ya meno, huku kinga ya mwili nayo imedhoofika na vidonda vinakawia kupona. Mvutaji yuko kwenye hatari ya ugonjwa wa fizi takriban mara 2 ya asiyevuta, na akitibiwa huku anaendelea kuvuta, matibabu hayashiki vizuri.

Ufizi uliovimba tu, mfupa ukiwa bado mzima, hurudi kuwa sawa kabisa. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Ndiyo maana sikushauri ungoje maumivu. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi mpaka umefika mbali.

Vitu vya kuandaa

- Kioo na tochi ya simu.
- Mswaki wenye nywele laini, mpya. Ule wa zamani uliotawanyika kama ufagio utupe.
- Dawa ya meno yenye floridi. Soma kwenye kasha: kiasi kinachofaa mtu mzima ni kati ya 1,000 na 1,500 ppm.
- Uzi wa meno, au vile vibrashi vidogo vya kupitisha kati ya meno. Maduka makubwa ya dawa huwa navyo.
- Chumvi ya kawaida.
- Daftari dogo, au ukurasa kwenye simu.
- Fedha ya kusafishwa meno hospitalini. Ulizia bei kabla ya kwenda, maana zinatofautiana sana kati ya hospitali ya serikali na kliniki binafsi. Kisha piga hesabu ya sigara zako za miezi 2. Wengi wakifika hapo hunyamaza.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua kwamba unaacha.

Usinunue unga wa mkaa, wala dawa za "kung'arisha" zenye chenga, wala mswaki mgumu. Vitu hivi hukwangua gamba la jino na kurudisha ufizi nyuma, na ukoko ulio chini ya ufizi havifiki.

Hatua ya 1: Jitazame mdomoni na uandike

Fanya asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Vuta mdomo pembeni, washa tochi, angalia nje na ndani ya meno, juu na chini. Andika ukiona haya: jino limekuwa "refu" kuliko zamani, ufizi umerudi nyuma, pengo jipya kati ya meno ambayo yalikuwa yamebanana, ukoko nyuma ya meno ya mbele ya chini (hapo ndipo ugaga hupenda kukaa), jino linalocheza ukilisukuma kwa kidole, usaha, harufu isiyoisha hata baada ya mswaki.

Usijipime kwa rangi peke yake. Wengi wetu tuna fizi nyeusi au zenye mabaka meusi tangu kuzaliwa na si ugonjwa. Sigara nayo huongeza weusi, kwa hiyo rangi inachanganya. Umbo la ufizi ndilo linalosema zaidi: ulio mzima umekaza na una ncha nyembamba kati ya meno, ulio mgonjwa umejaa, au umetutumka, au umesinyaa.

Angalia pia chini ya ulimi, pembeni mwa ulimi na ndani ya mashavu. Baka jeupe lisilofutika, baka jekundu, au kidonda ambacho hakijapona kwa wiki 2: mambo hayo usiyasubirishe. Nenda hospitali wiki hiyohiyo. Tumbaku ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya saratani ya kinywa, na ikigunduliwa mapema tiba huwa na nafasi kubwa zaidi.

Hatua ya 2: Andika unachotumia, chote

Kwa siku 3 andika kila sigara na saa uliyoivuta. Watu husema "kama 5 hivi", daftari linasema 12. Idadi hii ina kazi yake: kwa upangaji wa magonjwa ya fizi unaotumika duniani tangu 2018, anayevuta sigara 10 au zaidi kwa siku huhesabiwa kwenye kundi ambalo ugonjwa hutarajiwa kwenda kasi.

Andika na hivi ambavyo watu huvisahau:

Shisha. Maji hayachuji sumu, hupoza moshi tu. Kikao cha saa moja humwingizia mtu moshi mwingi kupita sigara moja, kwa mbali sana.

Ugoro, kuberi, na tumbaku ya kwenye tambuu. Hakuna moshi, ila pale unapoibana ndipo ufizi hurudi nyuma na mzizi kubaki wazi. Hapohapo ndipo mabaka meupe huanzia. Kama una upande wako wa siku zote, uangalie upande huo mara mbili.

Sigara za kielektroniki. Nikotini ni ileile na mishipa inabanwa vilevile.

Mirungi. Wanaotafuna mara nyingi huvuta mfululizo humohumo, sigara juu ya sigara, mdomo mkavu, na soda ya kusindikizia. Sijui mchanganyiko mwingine unaouonea mdomo kiasi hicho.

Mwisho andika: baada ya kuamka, unachukua dakika ngapi kabla ya kuwasha ya kwanza? Jibu utalitumia hatua ya 4.

Hatua ya 3: Nenda kwa daktari wa meno na useme ukweli

Usiende kwa maneno ya "nataka kung'arishwa". Sema: "Navuta sigara kadhaa kwa siku, nataka fizi zangu zipimwe." Atatumia kifaa chembamba chenye alama za milimita, akipitishe taratibu kati ya jino na ufizi. Nafasi hiyo huitwa mfuko, na kwenye ufizi mzima ina kina cha milimita 1 hadi 3. Kuanzia 4 kwenda juu kuna la kushughulikia. Muulize namba zako na uziandike, maana utazilinganisha baadaye. Ikilazimu atapiga eksirei kuona mfupa umebaki kiasi gani.

Kisha atakusafisha, juu na chini ya ufizi. Mifuko ikiwa mirefu huenda ukachomwa ganzi, na kazi ikagawanywa siku 2 au zaidi. Huu ndio msingi wa matibabu yote. Hakuna dawa ya kusukutua, hakuna kidonge, hakuna jani linaloyeyusha ugaga uliokwisha kuwa mgumu.

Hapa kuna kosa ninaloliona kila siku: mtu ananunua antibayotiki duka la dawa, anameza siku 3, nafuu inakuja, anajihesabu amepona. Ukoko umebaki palepale. Mwezi ukipita anarudi alipokuwa, na dawa aliyoichezea huenda isimsaidie siku atakapoihitaji kwa haki. Antibayotiki meza kwa maagizo ya daktari, na uzimalize.

Mwambie pia kama una kisukari. Sukari ya juu na sigara zikikutana kwenye fizi moja, mfupa huondoka haraka, na fizi mbaya nazo huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti.

Hatua ya 4: Weka siku ya kuacha

Chagua tarehe ndani ya wiki 2, ikiwezekana karibu na siku ya kusafishwa meno. Mdomo safi ni msaada. Watu wengi huona uchungu kuuchafua tena. Kwa Waislamu wanaovuta, Ramadhani ni nafasi kubwa: mwili unapitisha mchana mzima bila moshi, umebaki usiku. Tatizo ni ile sigara ya baada ya futari. Ukiivuka hiyo siku 10 za mwanzo, Idi inakukuta mtu mwingine.

Hamu hushika zaidi siku chache za mwanzo, kisha hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Kila inapokuja hudumu dakika chache tu. Kunywa maji, ondoka ulipokaa, mpigie mtu wako.

Dawa za kusaidia zipo na zinafanya kazi. Plasta na jojo za nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Kwetu hazipatikani kila duka, ulizia maduka makubwa ya mjini na hospitali za rufaa. Anayewasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka kwa kawaida huhitaji jojo ya miligramu 4. Aliyechelewa zaidi, ya miligramu 2. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo waongee na daktari kwanza.

Jojo hii hailiwi kama ya watoto. Tafuna polepole mpaka usikie ukali kama wa pilipili, kisha ibane kati ya shavu na ufizi. Ukali ukipungua, tafuna tena kidogo, ibane upande mwingine. Endelea takriban dakika 30. Usinywe kahawa, soda wala juisi dakika 15 kabla yake wala ukiwa nayo mdomoni, haitafyonzwa. Kama meno yako yameshalegea, chagua plasta.

Walioko Kenya wanaweza kupiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wakaongea na mshauri.

Kama unaona huwezi kuacha leo, fanya hatua nyingine zote hata hivyo. Sitakudanganya kwamba zitatosha, lakini mdomo uliosafishwa wa mvutaji ni bora kuliko mchafu wa mvutaji.

Hatua ya 5: Jifunze upya kupiga mswaki

Mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, na ya usiku usiikose hata ukiwa umechoka vipi. Laza nywele za mswaki kwa mshazari, nusu juu ya jino na nusu kwenye ukingo wa ufizi. Tikisa taratibu papo hapo, mwendo mfupi wa kutetemesha, kisha hamia meno mawili yanayofuata. Usisugue kama unayesugua sufuria. Mvutaji akiona madoa huongeza nguvu, na nguvu hiyo inaishia kwenye ufizi, doa linabaki. Ukimaliza tema povu bila kusukutua kwa maji mengi ili floridi ibaki kwenye meno.

Mswaki wa mti unafaa pia, na kwa wengi wetu ndio wa asili. Tafuna ncha mpaka iwe nyuzi laini, itumie kwa mwendo uleule wa taratibu, na ikate kila inapochakaa. Udhaifu wake ni upande wa ndani wa meno ya nyuma, ambako haufiki vizuri. Uutumie mchana, na usiku mswaki wa brashi na floridi.

Hatua ya 6: Pita kati ya meno

Mara 1 kwa siku. Mswaki haufiki hapo, na hapo ndipo ugonjwa wa fizi huanza kwa wengi. Meno yaliyobanana yapitishie uzi: uingize taratibu, uukumbatishe kwenye ubavu wa jino, shuka hadi chini kidogo ya ufizi, panda; kisha jino la upande wa pili. Penye nafasi kibrashi kinafanya kazi vizuri zaidi ya uzi. Kiwe cha ukubwa unaoingia bila kulazimisha.

Pini, njiti ya kiberiti, waya, kona ya kadi ya simu: acha. Nimeshuhudia fizi zilizochanika kwa vitu hivi zikaoza kwa sababu damu ya kuziponya haikuwepo.

Hatua ya 7: Jiandae kwa damu

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huanguka, kwa hiyo soma mara mbili.

Umeacha. Wiki zinapita. Siku moja unatema povu la waridi. Unajiambia: nilipokuwa navuta hapakuwa na damu, basi sigara ilikuwa inanisaidia. Hapana, ndugu yangu. Ile mishipa iliyobanwa kwa miaka imefunguka. Damu imerudi kwenye ufizi, na inapokuta uchafu inafanya kazi yake, kama ilivyopaswa kufanya tangu zamani. Ugonjwa ulikuwepo siku zote, sasa ndiyo unauona.

Endelea kupiga mswaki palepale panapotoka damu, taratibu, na uzi usiuache. Mtu akikwepa mahali panapovuja, utando unarundikana na damu inazidi. Sukutua maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, mara 2 au 3 kwa siku. Ikiwa umesafishwa vizuri na unafanya hatua ya 5 na ya 6 kila siku, damu hupungua wiki hadi wiki. Ikizidi wiki 2 bila dalili ya kupungua, rudi kwa daktari; yawezekana kuna ugaga uliobaki chini.

Hatua ya 8: Rudi upimwe

Takriban miezi 3 baada ya kusafishwa, rudi na namba zako. Mfuko uliokuwa milimita 6 ukawa 4 ni ushindi. Aliyewahi kupoteza mfupa hahesabiwi amepona akaachwa. Daktari humpangia marejeo, mara nyingi kila miezi 3 hadi 6.

Mambo yakienda kombo

*"Baada ya kusafishwa meno yamelegea na yana mapengo."* Ugaga ulikuwa umeziba mapengo na kuyashikilia meno kama saruji. Yalikuwa yamelegea tayari, ulikuwa huyaoni. Fizi zikipungua uvimbe hukaza kidogo, na meno mengi hutulia. Lile linalocheza kwenda chini na juu mwonyeshe daktari.

*"Nimesafishwa lakini bado yana rangi ya kahawia."* Madoa ya sigara hutoka. Ukiwa umekulia Arusha, Kilimanjaro au sehemu nyingine za Bonde la Ufa zenye maji ya floridi nyingi, kahawia ile iko ndani ya jino tangu utotoni. Sigara haihusiki, na kusugua hakutaitoa.

*"Maji baridi yananichoma."* Ufizi ukipungua uvimbe, mzizi hubaki wazi. Tumia dawa ya meno iliyotengenezwa kwa meno yanayochoma kwa baridi, kwa wiki kadhaa, na usiku ipake kidogo kwa kidole ukiiacha.

*"Harufu haiishi."* Safisha ulimi, mpaka nyuma unakoweza kufika. Kutafuna karafuu hufunika harufu na hupoza maumivu, na hilo ndilo tatizo lake: mtu anaahirisha kwenda. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza ufizi, usiyapake.

*"Dawa ya kusukutua imenitia meno weusi."* Itakuwa ile yenye klorheksidini, dawa ya kuua bakteria. Ni nzuri kwa muda mfupi, si zaidi ya wiki 2 bila agizo la daktari, na iachanishe na dawa ya meno kwa dakika 30. Doa hilo husafishika.

*"Nimeteleza, nimevuta 2."* Siku ya kuacha haijafutika. Tupa pakiti, andika kilichokuponza, endelea na kesho.

*"Nimeng'olewa jino, niwashe lini?"* Usivute angalau siku 3, na kila siku unayoongeza ni faida. Kuvuta pumzi kwa nguvu na moshi wenyewe huweza kuling'oa au kuliyeyusha donge la damu linaloziba shimo. Likitoka, mfupa unabaki wazi na maumivu yake hupanda mpaka sikioni, kwa kawaida siku ya 2 hadi ya 4. Yakikupata rudi ulikong'olewa wasafishe shimo na kuweka dawa.

*"Fizi zinauma sana, zinatoka damu zenyewe, ncha zake zimelika, mdomo unanuka."* Huu ni ugonjwa wa ghafla unaowapata sana wavutaji wenye msongo wa mawazo, lishe duni au kinga iliyoshuka. Nenda siku hiyohiyo, na ukishauriwa kupima VVU, kubali.

*"Shavu limevimba."* Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukapata homa, ukashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, usingoje asubuhi wala kliniki ya meno ifunguliwe. Nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu nawe, usiku huohuo.